Paka Wakubwa Walio Mikononi Mwetu, na Amana Yao

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kiumbe akakipa riziki yake na ajali yake; na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyetumwa kuwa rehema kwa walimwengu wote, na Aali zake na Sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu wanaume na wanawake, twataka kusema juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo. Twajua kuwa wako watakaocheka wakisoma kichwa cha maneno haya, na waseme: Waislamu wana mambo mangapi ya kuwashughulisha, na hawa wanadarasa wameketi kuzungumza paka! Kwa hao jawabu yetu ni moja. Yule mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka, ambaye khabari yake imepokewa na Bukhari na Muslim, hakuambiwa kwamba jambo lake ni dogo.

Khabari yenyewe ni hii. Hufa bibi mmoja katika Mji wetu wa Kale, aliyekuwa akikaa peke yake na paka wake watano au sita. Warithi huja kutoka huku na huku, arobaini haijatimia nyumba yapigwa bei, na mnunuzi ataka kuingia. Vyombo vyagawanywa, vitanda vyagawanywa, hata mitungi yapata mwenyewe, paka hufunguliwa mlango wakaambiwa "Toka!" Au mtu apata kazi Doha au Dubai, akenda, kisha mkewe na watoto wakamfuata, na nyumba ikafungwa kufuli. Au mtumishi wa serikali apata uhamisho. Au vijana waoana wakapanga ghorofani, na mwenye nyumba hataki mnyama. Katika miaka hii ya karibu paka kama hawa wamekuwa wakiletwa kwa wanadarasa wetu, mmoja mmoja, nasi twawapokea kwa sharti kwamba ni malezi ya muda tu: walishwe, watibiwe, hata wapate watu wa kuwachukua moja kwa moja.

Sasa twaandika kwa sababu mambo yamekwama. Vitoto vya paka vikitangazwa leo, kesho kutwa vimekwisha. Lakini paka wa miaka mitatu, minne, minane, huja mtu akamtazama, akasema ni mzuri mashaallah, kisha akauliza kama hatuna mdogo. Tulipo hivi sasa wako paka wakubwa kumi na mmoja katika nyumba tatu, na nyumba hizo hazipokei tena. Mwezi uliopita zililetwa khabari za paka wawili wa marehemu mmoja, ikawa hapana mahali pa kuwaweka. Siku mbili baadaye tukapata kusikia kuwa kijana wa jamaa amewatia guniani akavuka nao Likoni, akawafungua huko ng'ambo kandokando ya barabara. Hatukuwaona tena.

Kijana yule alipoulizwa hakuona kosa. Alisema kwamba hakuwaua wala hakuwafungia, bali amewaacha huru, na riziki yao iko kwa Mungu. Neno hili twalisikia kila siku, na si kwa wajinga peke yao, kwa hivyo yataka tulitazame vizuri. Katika Hadithi ya yule mwanamke imetajwa kuwa alimfunga paka wake, hakumlisha wala hakumwacha ale vijidudu vya ardhi. Basi watu hufahamu kwamba ukimfungua ajitafutie, umekwisha kutoka katika dhambi. Ni kweli kwa paka aliyezoea kujitafutia. Lakini paka aliyezaliwa chumbani, akala wali na samaki kwa mkono wa bibi yake miaka saba, asiyepata kukanyaga njia ya magari, huyo vijidudu vyake vya ardhi viko wapi? Ukimtoa penye chakula ukamtupa pasipo na chakula anachokijua, katikati ya mbwa, na paka wa mtaa ambao kila mmoja ana mahali pake na hataki mgeni, hukumfungua. Umemfungia nje.

Wala hili si jambo tulilolibuni sisi. Wanafunzi wetu wengi wamepitia Minhaj ya Imamu Nawawi, ambayo imesomeshwa katika pwani hii tangu kwa babu zetu. Katika mlango wa matumizi, yaani nafaka, imeelezwa mule kwamba mwenye mnyama yampasa kumlisha na kumnywesha. Akikataa, na mnyama mwenyewe si wa kuliwa, hulazimishwa mojawapo ya mambo mawili: amlishe, au amuuze kwa mwingine. Angalieni vizuri, ndugu zetu, milango ni miwili tu. Mlango wa kumtupa haumo. Na wenye kuisherehesha Minhaj wameeleza kuwa kumwachilia mnyama ajilishe husimama mahali pa kumlisha ikiwa amezoea hivyo. Sharti ni mazoea. Kwa hivyo fikihi yenyewe yatuonyesha njia: usiyeweza kumweka, mhamishie kwa anayeweza. Kazi ya kumtafutia paka mkubwa nyumba nyingine ndiyo mlango wa pili ulioachwa wazi na wanazuoni, na mtu akishindwa na wa kwanza hana budi kuupita huo.

Tena tutazame daraja aliyopewa mnyama huyu. Abu Qatada, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, aliingia kwa Kabsha binti Kaab, mke wa mwanawe. Kabsha akamtilia maji ya kutawadha. Akaja paka ataka kunywa, na Abu Qatada akamuinamishia chombo mpaka akamaliza haja yake. Alipoona mkaza mwanawe amkodolea macho, akamjuvya kuwa Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba paka si najisi, bali ni katika wale wenye kutuzungukia majumbani. Imepokewa na Malik, na Abu Dawud, na Tirmidhi. Watu huishika Hadithi hii kwa ajili ya maji tu, kama mabaki ya paka ni tahiri au si tahiri, na hiyo ni faida kubwa. Lakini tamko hilo la wenye kuzunguka limetumika pia katika Sura ya An-Nur, Aya ya 58, juu ya watumishi na watoto wa nyumbani, wanaoingia na kutoka kwa watu wao. Paka basi amehesabiwa pamoja na watu wa ndani. Na wazee wetu walifahamu, kwani wao ndio waliosema kuwa paka wa nyumba haingwa. Yaani hafukuzwi kama afukuzwavyo ndege shambani. Na Abu Dawud amepokea kwamba yamtosha mtu kuwa na dhambi kuwapoteza wale anaowalisha.

Hapa twaomba tuweke neno pembeni kidogo, kwa kuwa tukitaja paka hutajwa na mengine yasiyo na asili. Husemwa mabarazani kuwa Mtume amesema kupenda paka ni katika imani. Maneno hayo wanazuoni wa Hadithi wameyahesabu kuwa ni ya kuzuliwa, na Mulla Ali al-Qari ameyataja katika kitabu chake alichokusanya Hadithi za uwongo. Kadhalika kisa cha Mtume kukata mkono wa joho lake asimwamshe paka aliyelala juu yake, na paka huyo akapewa na jina; kisa kitamu, lakini hakina isnadi. Rehema ya Mtume haikupungukiwa hata tuikopee uwongo. Iliyo sahihi yatutosha: Sahaba aliyepokea Hadithi nyingi kushinda wenziwe wote, jina alilojulikana nalo mpaka leo ni la kijipaka. Tirmidhi amepokea kuwa Abu Huraira alikuwa akichunga mbuzi wa jamaa zake, naye ana kijipaka chake, usiku hukiweka mtini na mchana hucheza nacho. Na kijipaka hicho, tusisahau, kilikua kama wakuavyo wengine.

Na upande wa pili kuna ushirikina mwembamba ambao pia watuzuilia kazi hii. Mtu hukubali kitoto cha paka kwa kuwa amekiona kikizaliwa, lakini paka mkubwa, khasa mweusi, husema hajulikani alikotoka. Pengine ni jini, pengine "ametumwa". Tumepata kurudishiwa paka mweusi baada ya siku nne kwa kuwa mganga mmoja alimwambia mama wa nyumba kwamba ndiye aliyeleta homa ya mtoto. Mtoto alipimwa, ikaonekana malaria, akatibiwa akapona. Paka hakutakwa tena. Majini wapo, na Qurani imewataja, hatuwakanushi. Lakini kumtia mnyama hatiani kwa rangi yake ni tiyara, yaani kuamini nuhusi, na Mtume ameikataza. Mwenye kutaka kinga na asome Ayatul Kursi, kisha ampe paka chakula chake.

Tukirudi katika khabari yetu, wako waliotushauri tutafute kiwanja, tujenge nyumba moja ya paka wote, tuifanye wakfu, tupumzike. Ni rai ya watu wema, na si mpya katika Uislamu. Sultani Baibars wa Misri, aliyetawala tangu mwaka 1260 hata 1277, aliacha wakfu bustani karibu na msikiti wake kaskazini mwa Cairo, mapato yake yalishe paka. Mwingereza Edward Lane, aliyekaa Cairo katika miaka ya 1820 na 1830 na kitabu chake kikatoka mwaka 1836, ameeleza yaliyoipata bustani ile. Wasimamizi waliiuza kwa kisingizio kuwa imeharibika na kuitengeneza kwataka gharama. Walionunua wakauza tena. Ikauzwa na kuuzwa, mpaka pato la paka likabaki kodi ndogo ya piasta kumi na tano kwa mwaka. Mzigo wote ukamwangukia Kadhi. Kila siku baada ya alasiri hutandazwa chakula katika ua wa mahakama yake, na paka wa mtaa wakaja kula. Na watu wa Cairo walipochoka na paka wao, wakawachukua wakawafungulia katika ua huo wa Kadhi, wakenda zao.

Mtu wa pwani akisoma khabari hii haitaji kuambiwa mfano wake. Mashamba na majumba ya wakfu yaliyokuwa ya misikiti na mayatima tumeyaona yalivyokwenda, na hayo yalikuwa ya watu wenye ndimi za kusema. Wala hatusemi wakfu ni mbaya, hasha; ni sadaka yenye kudumu, na mwenye uwezo na aweke. Lakini twaona kwamba nyumba ya paka wote huwa ni ua wa Kadhi: kila mtu hupata pa kutupa, na hapana mtu mmoja anayeulizwa juu ya paka mmoja. Amana hutaka mtu. Ndiyo maana tumeshika njia ndefu zaidi, paka mmoja nyumba moja, na mtu mmoja kwa jina lake mwenye kusema: huyu ni wangu.

Yafuata suala la bei, kwani tumeulizwa kwa nini hatutozi chochote ilhali tumegharimika. Imamu Muslim amepokea kuwa Jabir bin Abdillahi aliulizwa juu ya thamani ya mbwa na paka, akajibu kuwa Mtume amelikemea jambo hilo. Wengi wa wanazuoni, na madhehebu yetu ni katika wao, wamejuzisha kumuuza paka mwenye manufaa, na Nawawi amelifahamu katazo kuwa ni la paka asiye na faida, au ni la kupendekeza tu, ili watu wazoee kupeana na kuazimana. Wengine, kama Ibn Hazm na Ibn al-Qayyim, wamekataza kabisa. Tukiisha kujua kuwa jambo lina khilafu, na kuwa hata aliyejuzisha ameona kupeana bure ndiko bora, hatuoni haja ya kushika bei. Anayetaka kutoa sadaka ya chanjo na atoe. Lakini hiyo ni sadaka, si thamani ya paka.

Hata hivyo tusidhani kuwa kisichouzwa hakina thamani. Mwaka 1978, karibu na Watamu, kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, mama mmoja wa Kizungu aliona vijipaka vyenye rangi kama magome ya miti. Wagiriama walikuwa wakiwajua tangu zamani, nao huwaita khadzonzo. Katika miaka ya 1980 baadhi yao wakachukuliwa hata Denmark, na leo ni jinsi ijulikanayo ulimwenguni kwa jina la Sokoke, na watu wa Ulaya na Marekani huingia katika daftari wakangoja zamu kumpata. Paka wa pwani yetu huyo, na ndugu zake twawavusha kwa gunia.

Sasa twaja kwa wale waliouliza kwa moyo safi: paka mkubwa atanizoea? Atazoea, ila yataka subira. Paka akitunzwa huishi miaka kumi na miwili, kumi na mitano, na wengine huzidi. Kwa hivyo wa miaka minne bado ana umri mrefu mbele yake. Tabia zake zimekwisha kujulikana: kama ni mpole kwa watoto, kama aiba jikoni, kama akubali paka mwenziwe, kama ni hodari wa panya. Kitoto cha paka ni kama mchumba aliyeletewa picha tu. Tena paka mkubwa amekwisha kufundishwa kwenda haja mahali pake, na usiku hulala, hapandi mapazia.

Kumhamisha kuna adabu zake. Achukuliwe katika tenga lililofunikwa, si guniani, na wakati wa utulivu, si saa za watoto kutoka madrasa. Awekwe katika chumba kimoja siku saba za mwanzo, pamoja na kasha la mchanga, maji, na kitambaa alichokuwa akilalia kwa aliyemlea, kwani paka hujua kwao kwa harufu kabla ya macho. Akijificha uvunguni asivutwe. Ale wakati ule ule aliouzoea. Na asitoke nje kabla ya wiki tatu au nne kupita, maana akitoka mapema hushika njia ya kurudi alikotoka. Na katika mitaa yetu, ambako mapaa yameshikana, atakwenda mbali kabla hujafungua dirisha. Wengi waliosema paka mkubwa hakai, walimfungulia mlango siku ya pili. Maziwa ya ng'ombe yasifanywe chakula chake, huwaharisha wengi katika wakubwa. Wala asipewe mifupa ya kuku iliyopikwa, huvunjika vipande vikali ikamchoma tumbo. Na twaonya kwa nguvu: asipewe Panadol akiugua. Kidonge kimoja cha dawa hiyo chaweza kumuua.

Kina mama waja wazito huambiwa wafukuze paka, na hivi ndivyo tulivyoletewa wanne katika kumi na mmoja. Maradhi yanayoogopwa yapo, na madaktari wayajua. Hupatikana kwa uchafu wa paka uliokaa zaidi ya siku moja, na kwa nyama isiyoiva, na kwa mboga zisizooshwa. Basi kasha la mchanga na lisafishwe kila siku na mtu mwingine, mama anawe mikono vizuri, nyama ipikwe ikaiva, na paka akae. Ama unywele juu ya kanzu, madhehebu ya Shafii yamehesabu unywele ulioachana na mnyama asiyeliwa kuwa ni najisi, lakini kidogo chake husamehewa. Na wako wanazuoni wengine walioona kuwa ni tahiri kabisa. Ipigwe burashi kanzu, mtu asali.

Jambo lililotuchukua majuma mengi darasani ni la kuhasi. Imamu Nawawi amesema kuwa kumhasi mnyama asiyeliwa ni haramu, na hii ndiyo kauli mashuhuri ya madhehebu yetu, hatuifichi. Wahanafi wamejuzisha palipo na manufaa. Na katika wanazuoni wa karibu, Sheikh Muhammad bin Uthaimin, aliyefariki mwaka 2001, aliulizwa juu ya paka waliokithiri wakaudhi, akajuzisha ikiwa kazi hiyo haiwadhuru, akaona kuwa ni afadhali kuliko kuwaua baada ya kuumbwa. Paka jike huweza kushika mimba akiwa na miezi mitano au chini yake, na huibeba wiki tisa. Mwaka mmoja wamtosha kuzaa mara mbili au tatu. Vitoto hivyo tumeviona mwisho wake, katika majalala na vitaruni. Kwa kuwa waliomo mikononi mwetu wamefikwa na haya kwa sababu ya wingi, tumeshika kauli ya wenye kujuzisha, kwa mkono wa daktari wa wanyama na kwa dawa ya usingizi. Ndugu ambaye nafsi yake haitulii ila kwa kauli ya Nawawi twamheshimu. Wako madume wawili hawajaguswa, naye akiweza kuwaweka ndani wasizurure, atapewa mmojawapo.

Chanjo ya kichaa cha mbwa haina khilafu. Kenya imejiwekea mpango tangu mwaka 2014 wa kuyaondoa maradhi haya kwa wanadamu ifikapo mwaka 2030, na ingawa mbwa ndio waletao mengi, paka naye huambukizwa na huambukiza. Kila paka tunayemtoa amekwisha kuchanjwa na ana karatasi yake. Mchukuaji amrudie daktari kila mwaka.

Lipo na neno kwa walezi wenyewe, ambao ni jamaa zetu na twawajua mioyo yao. Mtu akilea paka miezi minane humzoea, na akija wa kumchukua humtafutia kasoro: huyu nyumba yake ndogo, huyu ana watoto wengi, yule hakumshika vizuri. Kuchunguza ni wajibu, nasi twataka mchukuaji aje mara mbili kabla ya kupewa, na ajuzwe mabaya ya paka pamoja na mazuri yake, kwani kuficha aibu ni ghushi hata katika kitu cha bure. Lakini mapenzi yasigeuzwe kuwa uchunguzi. Nafasi moja ikishikwa na paka aliyekwisha kupata mtu, paka mwingine huenda Likoni. Mwenye kutaka kumweka aseme waziwazi kuwa huyu amekuwa wake, atoke katika hesabu ya walezi, wala hapana lawama juu yake.

Na wazee wetu walio na paka leo, Mwenyezi Mungu awape umri mrefu wenye afya, twawaomba wasiiachie kazi hii arobaini. Katika Minhaj imo pia kwamba mtu akimuusia mnyama mali ili aimiliki, wasia huo ni batili. Lakini akisema itumike katika chakula chake, iliyopokewa katika madhehebu ni kuwa wasia wasihi. Basi bibi mwenye paka na amtaje mtu kwa jina, aliye hai na aliyekubali, aseme huyu atamchukua paka fulani, na katika thuluthi yangu zitolewe kiasi kadha za chakula chake. Aandike, ashuhudishe watu wawili. Tumeona nyumba moja tu iliyofanya hivi mpaka sasa, na paka wa marehemu walihama usiku wa tatu bila ya neno, wakapelekwa na warithi wenyewe.

Waliopo ni hawa. Jike wa kijivu wa miaka minane, hapendi watoto lakini hukaa na mzee kutwa nzima. Huyu amengoja kuliko wote, mwaka na miezi miwili. Ndugu wawili wa miaka mitatu, mweupe mwenye baka jeusi na mwekundu, ambao hatutaki kuwatenga. Jike mweusi wa miaka mitano, mwindaji wa panya, yule aliyerudishwa. Dume mmoja asiyeona jicho la kushoto, ambaye hupatana na paka wengine wote. Majike wanne wa miaka miwili mpaka minne waliotoka katika nyumba za waja wazito, wamezoea watoto na kelele. Na madume wawili tuliowataja katika khabari ya kuhasi. Anayetaka kuwaona na aje barazani kwa darasa usiku wa Jumatatu au wa Alhamisi baada ya sala ya Isha, aje pamoja na mtu wa nyumbani mwake, kwa sababu mara nyingi mume huchukua na mke hurudisha. Hapana bei. Sharti ni moja: akishindwa, siku yoyote na kwa sababu yoyote, amrudishe kwetu mwenyewe, asimpe mtu wa tatu.